Kamba Nane za Jeneza la Chirsty

Kadi yenyewe haikuzidi kiganja, na Rhona Tulloch aliisoma mara tatu akiwa amesimama jikoni kwa marehemu mama yake. Wattie, seremala wa Balnacroy ambaye ndiye pia mzishi wao, alikuwa amechora jeneza kwa penseli na kulizungushia namba, moja hadi nane. Kila namba ilikuwa na jina la mwanamume atakayeshika kamba ya kumteremsha mama huyo, Chirsty, kaburini. Namba moja, kichwani, alikuwa Hector, kaka yake Rhona, aliyefika juzi kutoka Edinburgh na viatu vinavyong'aa. Namba mbili, miguuni: Bwana Pirie.

"Umempa Pirie miguu ya mama?" alimuuliza Wattie, aliyekuwa angali mlangoni.

"Ndiye msimamizi wa shamba, Rhona. Jumba kubwa la mwenye shamba limeleta shada la maua. Ningemrukaje?"

"Kama alivyoturuka sisi."

Hector akajifanya anatafuta kofia.

Habari hiyo kila nyumba Balnacroy walishainywea chai. Baba yao alikuwa mchunga kondoo wa lile shamba, na alipokufa, Pirie alimpa mjane wiki mbili ahame, nyumba ya shamba iende kwa mchunga kondoo mpya. Ilikuwa Februari, theluji imefika magotini, na Chirsty alilisukuma kabati lake la vyombo juu ya mkokoteni, watoto wawili nyuma, kijiji kizima kikichungulia nyuma ya mapazia. Akahamia kibanda cha nyuma ya posta, akashika kazi isiyotakiwa na mtu: kuosha maiti. Miaka thelathini aliwaosha wote. Hata mke wa Pirie, ni yeye aliyemchana nywele na kumfunga kidevu. Ila hata mmoja wao hakumfikisha shimoni, kwa sababu Balnacroy wanawake hawaendi makaburini. Kanisani wanaimba, kisha wanakimbilia ukumbini kukata mikate.

"Na kamba yangu mimi iko wapi?" Rhona aliuliza.

Kaka yake alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. "Tangu lini?"

"Miaka tisa nimemgeuza kitandani, Hector. Uzito wa mama naujua kuliko wewe."

"Usinitie aibu mbele za watu, dada. Wewe simamia chai."

Basi ibada ilipokwisha, wanaume wakaandamana nyuma ya jeneza, na Rhona akaingia ukumbini. Wanawake walikuwa kumi na mmoja, aproni kiunoni, midomo kazini. Supu ya kondoo na shayiri ilikuwa jikoni. Nan Geddes, mwenye mdomo usio na breki, alikuwa akipaka siagi.

"Nasikia Pirie kapewa miguu," alisema Nan. "Afadhali. Kichwani mama yako angemtemea mate."

Wakacheka. Rhona hakucheka. Alichukua kisu cha mkate, akakiweka chini taratibu.

"Mama alimuosha mama yako, Nan. Na mtoto wako yule mdogo."

Nan akaacha kupaka siagi.

"Alimuosha," alisema Nan. "Alimvika mwanangu na soksi, ili asisikie baridi."

"Mimi naenda kule juu makaburini. Anayetaka kukata mkate, akate."

Nan akafuta mikono na kufungua aproni. "Supu hii nimeipika mazishi arobaini na sijawahi kuona shimo hata moja. Shoga, nipe koti langu."

Wote kumi na wawili walipanda mlima, upepo ukiwapiga usoni. Wattie alikuwa ameshaanza kuita namba. Hector alikuwa ameshika kamba yake alipowaona, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Namba mbili," aliita Wattie. "Bwana Pirie."

Rhona akafika kabla yake, akasimama kati ya mzee yule na jeneza.

"Unafanya kioja, binti," Pirie alisema kwa sauti ya chini.

"Kioja kilikuwa kabati la mama yangu kwenye theluji. Wewe ulisimama dirishani na kikombe cha chai. Nilikuona. Nilikuwa na miaka saba."

"Sheria ilikuwa sheria."

"Na leo sheria ni yangu. Rudi nyuma."

Kasisi akakohoa. Hector akasema, "Wattie, endelea na orodha." Lakini Wattie naye alikuwa na mama aliyeoshwa na mikono ya Chirsty. Aliikunja kadi yake, akaitia mfukoni, kisha akampa Rhona kamba.

"Iache iteleze polepole," alimwambia. "Usiiachie ghafla."

Kamba ilimchuna viganja. Chirsty alikuwa mwepesi, mwepesi kiasi cha kumtia Rhona hasira upya, na hasira hiyo haikuisha jeneza lilipogusa chini. Pirie alikuwa amebaki na mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Waliporudi ukumbini, supu ilikuwa imeungua chini na harufu imejaa hadi barabarani. Wanaume wakasimama wakizitazama meza tupu, kofia mikononi. Wanawake walikuwa wamekalia viti vyote.

"Sasa," Hector alisema hatimaye, "nani anakata mkate?"

Rhona alikuwa akijipaka siagi viganjani palipochunika. Hakuinua macho.

"Visu viko droo ya pili."