Magugu ya Koome

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mkwe wangu hakungoja ya tatu, na jembe alikuja nalo. Alilitoa kwao Imenti limefungwa kwa gunia la nailoni, akalipakia kwenye basi la Garissa, na kutoka Garissa hadi hapa Masalani akaliweka miguuni, kwa sababu, alivyosema, haamini majembe ya watu wanaofuga ngamia.

Alikuja kuniangalia. Tulikuwa tumemzika mwanawe Koome, mume wangu, kule kwao milimani, nami nikarudi Masalani kwenye kazi yangu ya ofisi ya maji. Wenzangu walinipa pole mlangoni, kisha wakaniletea faili. Mtu fulani akampigia Mama simu kumwambia kwamba sili. Uongo. Nilikuwa nakula. Nilikuwa tu sisikii ladha, na hilo halijawahi kumuua mtu.

Koome alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alianguka darasani na chaki mkononi, wakasema ni shinikizo la damu, na hakuamka tena. Aliniachia kobe wawili, Diwani na Karani. Diwani ndiye mkubwa, anayetembea shingo juu kama mtu anayetafuta kura. Waliokotwa baada ya moto wa nyasi, magamba yao yameungua, na watu wa wanyamapori wakamruhusu Koome awatunze. Naye hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alisoma kwenye simu yake kwamba kobe akilishwa ugali na kabeji gamba huota vinundu na mifupa hulegea, kwamba chakula chake hasa ni magugu. Basi akaenda kutafuta magugu. Kila Jumamosi alitembea kando ya Tana na mfuko begani, akarudi na mbegu za mchunga, za mbigili, na za lile jani nene lenye bua jekundu linalotambaa chini. Wanafunzi wake walimcheka, mwalimu mzima anaokota takataka.

Kabla ya mvua alilima kipande nyuma ya nyumba, akazimwaga zile mbegu zikiwa kavu. Akasema zitangoja mvua zenyewe. Kweli zilingoja. Nilipotoka mazishini kile kipande kilikuwa kijani kibichi, kimefungamana, huoni udongo. Kila jioni nilichuma konzi moja moja nikawawekea Diwani na Karani, nikasimama hapo wakitafuna. Katika siku yangu nzima hilo ndilo jambo pekee nililolifanya bila kuambiwa.

Siku iliyofuata ujio wa Mama nilitoka ofisini nikamkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, leso kiunoni, mikono imejaa udongo. Kipande cha Koome kilikuwa kitupu. Alikuwa amelima chote, akapiga reki, kisha akafagia, kwa maana kwao uwanja usiofagiwa ni aibu ya mwenye nyumba. Ungeweza kuanika mahindi pale.

"Sasa inaonekana hapa kuna watu," alisema. "Nilipofika nilidhani ni nyumba iliyohamwa. Nikasema, huyu mtoto amezidiwa, hata kupalilia ameshindwa."

Nilitazama ule udongo. Nilijua kwamba hapo palipaswa kuja hasira, au kilio. Nilivingoja kidogo. Havikuja.

"Asante, Mama," nilisema, nikaingia ndani kuteleka chai.

Ningemwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki. Yule mama alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, kisha akasafiri siku nzima ili anisaidie kwa njia anayoijua. Nimwambie kwamba kwa mikono yake ameng'oa kitu cha mwisho alichopanda mwanawe? Kwa hiyo nikanywa chai. Ilikuwa moto, hilo tu ndilo nililojua kuihusu.

Kobe hawajui mambo ya heshima ya wakwe. Jioni ile walikuja hadi kwenye kipande, wakakizunguka, wakasimama. Mama aliwatupia kabeji. Karani alionja. Diwani alirudisha kichwa ndani, na kesho yake hivyo hivyo, na siku zilizofuata pia, mpaka macho yake yakaanza kuvimba na kufumba. Baada ya kazi nilianza kwenda mtoni na mfuko wa Koome. Lakini mbuzi wa mji mzima walikuwa wamenitangulia, nikarudi na vijani vya kujaza kiganja.

Huko ndiko Bishara alikonikuta. Bishara ni jirani yangu, Msomali muuza maziwa, na hana subira na upuuzi.

"Abaayo, dada yangu, wewe natafuta nini huku?"

"Majani ya kobe."

"Majani iko kwako. Bwana yako alibanda. Mimi naona kwa macho yangu, nacheka yeye, nasema huyu mwalimu nabanda bori ndani ya nyumba."

Nikamwambia Mama ameyang'oa. Bishara akaweka mtungi chini.

"Yeye najua ni ya kijana yake?"

"Hapana. Na sitamwambia."

"Sisi mwanamke akifiwa na bwana, anakaa nyumbani miezi nne na siku kumi. Hatembei-tembei. Watu nakuja kukaa na yeye. Nyinyi nazika leo, kesho ofisi. Sasa iko wawili kwa nyumba moja, kila mtu nalia beke yake."

"Mimi silii."

"Ndiyo," alisema. "Naona." Akabeba mtungi wake akaenda.

Usiku huo, tukila, Mama alisema Jumatatu atarudi kwao, lakini kabla hajaondoka atapanda maharagwe kwenye kile kipande ili nisinunue. Kisha, bila kuinua macho kwenye sahani, akaongeza kwamba hao kobe wangerudishwa porini. Mjane hawezi kulea mawe yanayotembea. Nikaitikia. Nilikuwa nimekuwa hodari sana wa kuitikia.

Jumapili asubuhi Diwani hakuwepo. Nilimtafuta chini ya tangi na nyuma ya kuni. Nikafikiri: amekwenda kufa, na nilipolifikiri nilisikia kitu kikinibana tumboni, kidogo, kama njaa. Nikaona seng'enge imeinuka karibu na choo. Nikapita chini yake.

Alikuwa juu ya lile rundo la magugu ambayo Mama aliyatupa nyuma ya choo. Mchunga ulikuwa umekauka ukawa kahawia, mbigili vilevile. Lakini lile jani nene lenye bua jekundu halikuwa limekufa. Lilikuwa limelala juu ya wenzake waliokauka, mizizi juani, na kwa maji yaliyokuwa ndani yake likaendelea tu kuishi, hata likateremsha vimizizi vipya kwenye taka. Lilikuwa na maua madogo ya manjano. Diwani alikuwa anakula, macho nusu wazi, mdomo umepakaa kijani.

Mama alikuja nyuma yangu na jembe.

"Ala, bado liko hai? Hili gugu ni la shetani. Sogea nilichimbie shimo."

Akainua jembe. Nikaweka mkono wangu juu ya mpini.

"Mama, hayo aliyapanda Koome."

"Nini?"

"Si magugu yaliyojiotea. Mbegu alizitoa mtoni. Alizipanda mwenyewe kabla ya mvua, ziwe chakula cha kobe. Hakuwahi kuyaona yakiota."

Aliteremsha jembe taratibu, akatazama mikono yake, upande wa juu na upande wa viganja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikutaka kuuona uso wako ukishajua."

"Ndio huu," alisema. "Umeshauona."

Akapiga magoti kwenye taka. Alianza kuokota yale mabua yaliyo hai, moja moja, akikung'uta uchafu, akiyapanga kwenye leso yake. Machozi yalimtoka wakati wote na hakuyapangusa. Akamwachia Diwani fungu lake. Kisha akarudi kwenye kile kipande alichokifagia, akachomoa kamba kwenye gunia la jembe, akaifunga kwenye vijiti viwili, akaivuta mpaka ikanyooka. Akaanza kuyapanda. Shimo, bua, udongo, anaubana kwa kidole gumba. Nafasi sawasawa, kama maharagwe.

"Mama, hilo halihitaji mstari. Ukilitupa popote linaota."

"Kitu kilichopandwa na mwanangu hakitupwi," alisema. "Lete maji."

Nikaleta maji. Nikapiga magoti upande wa pili wa kamba nikapanda pia, na vibaya, akayachomoa yangu na kuyarudia. Ilichukua asubuhi yote. Waumini walipita njiani wakienda kanisani wakatuona, wanawake wawili wazima wakipanda magugu kwa mstari, na Bishara alipita na mtungi akatazama juu ya ua, asiseme kitu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mstari ulipokwisha Mama alinyoosha mgongo. Akauliza Koome alikuwa akimwagilia wakati gani.

"Jioni," nilisema. "Jua likipoa."

Akaegemeza jembe ukutani. Akaketi kivulini, akapigapiga chini kando yake. Nikaenda nikaketi hapo, tukangoja jioni.