Mchungwa wa Esha

Kidawa alikuwa barazani anamenya muhogo wakati mumewe Likwata alipoingia kuchukua sururu. Ilikuwa Septemba, ardhi imekauka hata kuku wameacha kuparua, na mwezi huo mtu mwenye akili hagusi sururu isipokuwa kwa kaburi.

“Kuna msiba?” aliuliza.

“Kuna mgeni,” alisema Likwata.

Mgeni huyo alikuwa mkubwa, anatoka mkoani kuja kutazama kijiji kipya. Kijiji kilikuwa hakijatimiza mwaka. Watu walitolewa kwenye mashamba yao ng’ambo ya korongo, nyumba zao zikatiwa moto ili wasiingiwe na tamaa ya kurudi, wakapangwa kando ya barabara ya Rutamba kama sahani kabatini. Nyumba zilinyooka kweli. Maji hayakuwepo na kivuli hakikuwepo. Mwenyekiti Fakihi alitafakari, akaona maji ni kazi kubwa lakini kivuli kinaweza kuletwa. Aliwadokezea wanaume kwanza, kisha akaitisha mkutano wa wote, akaamuru kila nyumba ikachimbe mti uliokwisha kua kule mahame, kwenye mashamba waliyotolewa, na kuupanda mbele ya mlango, yote katika mstari mmoja.

“Ndugu mwenyekiti,” Kidawa alisema mkutanoni, “mti unahamishwa ukiwa mche, tena mvua zikishashika. Sasa hivi ni kuuua.”

“Mama Esha, mgeni atasubiri mvua?”

Wanaume wakacheka. Walicheka sana, maana kucheka hakutoi jasho.

Mwenye mtoto asipite hapa haraka. Upande ule, kitovu cha mtoto kikidondoka hufukiwa chini ya mche, na mche huo mama huutunza kuliko mwingine wowote. Kwa hiyo ukiingia shamba la mtu ukatafuta mti uliostawi kupita yote, umeupata mti wa mtoto. Wanaume walilijua hilo tangu wao wenyewe wanyonyeshwe. Walikwenda mahame, wakatafuta miti iliyostawi kupita yote, wakaichimba.

Likwata alichimba mchungwa wa Esha, binti yao wa miaka saba. Amri ilitaka shimo la futi mbili, na mzizi mkuu ulikuwa mrefu kuliko amri, basi akaukata kwa shoka. Saa hiyo Esha alikuwa kijijini, anachezea vifuu uani. Akakaa chini.

“Mama,” alisema, “miguu yangu imekuwa mifupi.”

Kidawa alimpima kwa macho. Ilikuwa mifupi kidogo. Akamalizia kufua.

Mti ulipopandwa, Esha alikwenda kusimama kando yake na hakutoka tena. Aliweza kutembea mpaka kivuli kinapoishia. Akifika hapo miguu inakataa. Abilahi, mtoto wa jirani yao Moza, alisimama kwenye mkorosho wake, na wengine vivyo hivyo, nyumba hata nyumba. Akina mama waliwapelekea uji palepale. Mwalimu alitoa ubao nje, akawa anasomesha anatembea.

Fakihi alikagua mstari, akapendezwa. “Hata watoto wamejipanga! Basi na waimbe.”

Waliimba. Gari la mgeni halikusimama. Mkono ulitoka dirishani, ukapunga, vumbi likawaingia watoto mdomoni, na Fakihi akatangaza kwamba ziara imefana.

Kisha jua likaendelea na kazi yake. Majani ya mchungwa yalijikunja, yakaanguka, na nywele za Esha zikaanguka nayo. Kidawa alizifagia pamoja. Alibeba maji kutoka korongoni mpaka shingo ikamkaza, na shimo lile la futi mbili likayanywa kama mlevi wa kupewa.

“Baba Esha, tuurudishe mti.”

“Tutaonekana wapinzani.”

“Na mtoto ataonekana nini?”

“Mvua iko karibu,” alisema Likwata. Alikuwa mtu ambaye paa lake likiwaka angeuliza kwanza kama maji yameruhusiwa.

Mkorosho wa Moza ndio uliotangulia. Asubuhi moja ulikuwa kuni tupu, Abilahi hayupo, na shati lake limening’inia kwenye tawi. Moza alilia mpaka sauti ikakauka. Fakihi alikuja kumpa pole, akamletea mche mwingine, akamwambia apande upya. Moza alipanda. Likwata alimsaidia kuchimba, akafumba jicho moja kuhakikisha mche uko kwenye mstari.

Ijumaa hiyo, wanaume walipokuwa msikitini, Kidawa alichukua jembe. Hakuaga. Aliung’oa mchungwa na udongo wake, akaufunga kanga shinani, akautwika kichwani. Ulikuwa umekauka, haukuwa na uzito. Esha alitembea nyuma yake, katika kivuli kidogo kilichobaki, akimshika mama yake nguo.

“Mama, tunakwenda wapi?”

“Kwenye shimo lako.”

Shimo lilikuwa bado wazi. Hao walioambiwa kuchimba hawakuambiwa kufukia. Kidawa aliuteremsha mti, akafukia kwa mikono, akamwaga maji, akarudi korongoni kuchota mengine. Mvua za kwanza ziliposhuka, machipukizi yalitokeza. Nywele za Esha ziliota tena, zina ukijani kwenye ncha. Kutoka pale hakuweza.

Fakihi alifika na mgambo wawili. “Mahame hakai mtu. Amri ni amri.”

“Hawezi kutoka, ndugu mwenyekiti. Mkimtoa anakauka kama Abilahi.”

Fakihi aliuzunguka mti, halafu akamzunguka mtoto. Alimshika nywele, akavinusa vidole vyake.

“Miti haijakatazwa mahame,” alisema mwishowe. “Basi huyu ni mti. Ila wewe ni mtu, Mama Esha. Jua likishuka nikuone kijijini.”

Mgambo waliafiki kwa vichwa. Kidawa alisema ahsante. Tangu hapo akawa anavuka korongo kila siku na bakuli la ugali, anamlisha binti yake, anamsuka, anarudi kulala mstarini kandokando ya Likwata, ambaye aliuliza kama machipukizi ni mengi.

Yalikuwa mengi. Kiangazi kilichofuata mchungwa ulizaa mpaka matawi yakalala, na kwa kuwa mgeni mwingine alikuwa anatarajiwa, Fakihi alikuja na baiskeli na tenga. Esha alikuwa amesimama shinani na kanzu yake ya kitambo.

“Shikamoo, mwenyekiti,” alisema, maana alikuwa amelelewa.

Fakihi hakuitikia. Mti hauitikiwi. Alichuma mpaka tenga likajaa, akamenya chungwa moja, akala, akatema kokwa miguuni pa mtoto.

“Matamu sana,” alimwambia Kidawa. “Uuzidishie maji.”