Mifupa Minne Myeupe

Mteja alipopiga simu, fundi seremala alikuwa na misumari mdomoni. Akaipokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa amejikalia karakanani akimchelewesha kazi. Binti huyo alikuwa akijifunza Kiswidi, na tangu aanze, nyumba nzima ilikuwa haipumui.

"Sema Kiswidi tu, mama, usijisumbue," alimwambia mteja, mwalimu mstaafu kutoka Uswidi aliyehamia mtaa wa pili. Akasikiliza, akaitikia, akakata simu kwa madaha. "Shemeji, ni kuhusu kile kigoda chake. Anataka ben nne nyeupe. Mifupa minne myeupe."

Fundi alitema misumari. "Mifupa?"

"Ben ni mfupa. Nimeikariri juzi tu."

"Una hakika?"

"Mimi huwa nakuuliza habari za gundi, shemeji?"

Fundi alikuwa ameshaona visu vyenye mipini ya mfupa. Akajisemea mteja ni mfalme, akaenda buchani. Mwenye bucha alimchagulia mifupa minene ya ng'ombe, akauliza supu ni ya watu wangapi.

"Ya kigoda," fundi akajibu, akaondoka upesi.

Aliichemsha jikoni mpaka mkewe akamfukuza, yeye na sufuria. Akaisugua kwa msasa, akaianika dirishani. Mbwa wa mtaa mzima wakaja kulala mlangoni, wapole kuliko wateja wake wengi.

Mteja alipofika, aliitazama mifupa, akawatazama mbwa, kisha akamgeukia binti. "Nini hii?"

"Ben," binti alijibu, sauti ikimpungukia.

Mama yule alicheka mpaka akaomba kiti.

"Kwetu ben ni mfupa, na ni mguu vilevile," alisema akijifuta machozi. "Mimi nilitaka miguu ya mbao, ipakwe rangi nyeupe!" Akawaeleza kwamba zamani neno hilo lilikuwa la mfupa tu, katika ukoo mzima wa lugha zao. Waingereza wakabaki nalo mfupani, wakisema bone. Wajerumani wakalishusha mguuni, likawa Bein, ingawa hata leo pembe ya ndovu wanaiita kwa jina lenye mfupa ndani yake. Waswidi wakakataa kuchagua. "Na Waingereza neno lao la mguu, leg, walilitoa kwetu huko kaskazini."

"Kumbe wanatembelea mguu wa kuazima!" fundi akasema.

"Usicheke, fundi. Juzi nilimwambia daktari mguu unaniuma, akanibonyeza paja lote. Mimi nilikuwa na maana ya unyayo. Hivi mguu wenu unaanzia wapi?"

Fundi akafikiri. "Unaanzia pale unapouma."

Miguu ya mbao akaichonga siku iyo hiyo. Binti aliipaka rangi, huku shemeji yake akimwita Bi Mifupa.

Mteja alimwonea huruma, akajitolea kumfundisha mwenyewe majina ya viungo vya mwili kila Jumamosi, wakianzia kichwani kushuka chini. Hadi sasa wamefika mabegani.