Meza ya Zege Dirishani

Mwamvita hakuwa mwanamke wa kuchaguliwa jiko. Kuchaguliwa mume alikubali, kwa sababu wakati ule alikuwa binti na wenye sauti walikuwa wazee. Lakini jiko angelichagua mwenyewe, hata kama Temeke nzima ingesimama barabarani kumcheka. Na kweli ilimcheka.

Zilikuwa zile siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango. Maduka ya Kariakoo yalikuwa yamefurika vitu, baada ya miaka ya kupangia foleni sabuni na sukari. Mumewe, Twalib, karani wa bandarini, alirudi siku moja na habari ya kabati la jikoni lililotoka Dubai, juu limebandikwa fomika nyeupe ya kung'aa. Wakaenda kuliona. Mwamvita hakushughulika na mng'ao. Alimwuliza mwenye duka, "Nikitua hapa sufuria la mafuta ya moto, itakuwaje?" Mwenye duka akacheka, akamwuliza kama nyumbani kwake hakuna kitambaa cha kutulia sufuria. Mwamvita akageuka akatoka. Mtu anayekaangia mtaa mzima sambusa na chapati hana nafasi ya kutafuta vitambaa.

Alitaka meza ya zege. Iwe nene na ndefu, ianzie jikoni, ipite chini ya dirisha, itokeze nje barazani, ili ndani akande na kukaangia, na nje wateja waweke vikombe vyao vya chai. Pesa zilikuwa zake, za chapati hizohizo. Twalib alinuna, kisha akachoka kununa. Dada yake, Zubeda, hakununa hata kidogo. Yeye alikuja kucheka.

"Jamani wifi, wenzio wanaingiza vitu vya Dubai, wewe unajijengea kaburi jikoni?"

"Basi usilisogelee, wifi. Lisije likakumeza."

Fundi Anselmo, jirani yao, alitoboa ukuta chini ya dirisha, akapigilia mbao, akafunga nondo, akamwaga zege kutoka ndani mpaka nje kwa mkupuo mmoja. Halafu akajenga tena tofali juu yake kuziba ukuta. Alipoondoka alimwachia Mwamvita kazi ya kulifunika zege kwa magunia na kulimwagia maji asubuhi na jioni. Zubeda alipoona maji yanachuruzika barazani alishika kiuno. "Kitu kinatakiwa kikauke, yeye anakinywesha!" Mwamvita akaendelea kunywesha. Aliambiwa zege likikaushwa kwa pupa hupasuka, na yeye hakuwa na haraka na mtu.

Lilipokomaa, Anselmo akalipiga niru, ule uji wa saruji tupu, na Mwamvita akalisugua mwenyewe kwa jiwe la kunolea mpaka likawa laini. Akayeyusha nta ya nyuki kwenye mafuta ya nazi, akalipaka likanywa, akalipaka tena. Tangu hapo kila aliyeingia jikoni alisomewa sheria kabla hajapewa kigoda: ndimu haikatwi juu ya meza bila kibao, na ukwaju ukimwagika unafutwa papo hapo. Moto zege halikuuogopa, ila kitu kichachu kililila. Watu walisema Mwamvita anaitunza meza kuliko mume. Mwamvita alijibu kwamba meza haijawahi kumuudhi.

Siku moja alirudi na unga kutoka sokoni Sterio akakuta meza imejaa mabaka meupe, urefu wa mikono miwili mizima, na pembeni ya karai kumerundikwa maganda ya ndimu. Mtu alikuwa ameisugua kwa ndimu na majivu, vile binti aliyelelewa vizuri anavyosugua sinia la shaba. Moyo ukamlipuka. Lakini akili yake ilitangulia hasira. Zubeda alikuwa sebuleni na Twalib, na Zubeda hakuwahi kuosha hata kikombe katika nyumba ile. Nani basi alikuja kusafisha jiko la watu?

"Najma alipita," Zubeda akasema. "Mtoto ana adabu yule, hawezi kuona uchafu akaupita."

"Najma gani? Na anasafishaje jiko ambalo si lake?"

Twalib akalikunja gazeti polepole. "Mama Mwajabu, nilikuwa nataka tuzungumze."

Wakazungumza. Twalib anaoa. Kuoa ni haki yake, na Mwamvita hakuwa wa kwanza kupata mke mwenza wala asingekuwa wa mwisho. Lakini Najma ataletwa hapa, ndani ya nyumba hii, na Mwamvita atapangiwa chumba Mbagala. "Wewe mtu mzima sasa," Twalib akasema, akitazama sakafu. "Mwajabu kashaolewa, yuko kwake. Chumba kimoja kinakutosha."

Mwamvita aligeuka. Alichukua jiwe lake akaingia jikoni akasugua mabaka, na alisugua huku analia, machozi ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Binti wa watu hakumchukia. Najma alifanya alivyofundishwa na mama yake, tena kwa jiko aliloahidiwa. Aliyemchoma ni yule aliyeahidi. Alipomaliza kupaka nta alirudi sebuleni akasema neno moja tu: waitwe wazee.

Akaja Mzee Suleiman, baba mkubwa wa Twalib, aliyekuwa akisuluhisha ndoa za ukoo mzima. Wakakaa mkekani. Zubeda akasema mengi, Twalib machache. Mzee akasikiliza wote kisha akakohoa.

"Twalib ana haki ya kuoa. Na mke mkubwa ana haki zake, sie si watu wa kudhulumu. Desturi yetu inajulikana. Nyumba ni ya mwanamume, vyombo ni vya mwanamke. Mwamvita atachukua kila chombo alichonunua kwa pesa yake, hata kijiko, na hapana mtu wa kumzuia. Mmekubali?"

"Nimekubali, baba," akasema Twalib.

"Tena avichukue leo leo," akasema Zubeda.

"Na wewe mwanangu?"

"Nimekubali, baba," akasema Mwamvita. "Ila nakuomba urudie, kila mtu asikie. Kila chombo?"

"Kila chombo."

Mwamvita akainuka, akatoka, akarudi na Fundi Anselmo, ambaye alikuwa amemwita mapema akamkalisha barazani na nyundo yake na tindo. Akawaomba wote waje jikoni.

"Naanza na kikubwa," akasema, akaipiga kofi meza. "Fundi, nitolee hii."

Zubeda akaangua kicheko. "Chombo kinabebwa, wifi! Hiyo ni sehemu ya nyumba."

"Mie juu yake nakanda, nakaangia, nauzia. Nimeinunua kama nilivyonunua sufuria. Kama si chombo, wewe unaiitaje?"

Mzee Suleiman akamgeukia Twalib. "Nani aliyeinunua?"

"Yeye," akasema Twalib.

"Basi ni yake. Fundi, itoe."

Anselmo akajikuna shingo. Alikuwa akicheza bao na Twalib, na jambo lenyewe halikumpendeza. "Mzee, hii imepita chini ya ukuta. Ukuta umekaa juu yake, na paa limekaa juu ya ukuta. Nikiitoa, jiko linashuka. Jiko likishuka, na chumba chao cha kulala kinafuata."

 Zubeda akakiegemeza kiwiko chake mezani, kicheko kimemwishia. "Basi alipwe thamani yake," akasema.

"Sijasema nauza," akasema Mwamvita.

"Mwamvita." Twalib alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya tangu Mwajabu azaliwe. "Unataka kunibomolea nyumba?"

"Nyumba ni yako, baba kasema, na mie sikubisha. Nataka chombo changu. Miaka yote hii nimesimama hapa kabla ya adhana nikikukandia, na wewe unaniambia chumba kimoja kinanitosha. Sawa, kinanitosha. Ila sitoki mikono mitupu. Fundi, piga."

Anselmo akamtazama Twalib. Mwamvita hakungoja wamalizane kutazamana. Aliichukua nyundo mkononi mwa fundi, akainyanyua kwa mikono miwili, akaupiga ukuta juu kidogo ya meza. Plasta ikamwagika. Akapiga tena, tofali likapasuka, bati juu likalia, na Mzee Suleiman akarudi nyuma mpaka mlangoni akiwa ameshika kofia yake. Akainyanyua mara ya tatu.

"Acha!" Twalib akapiga kelele. "Acha, kaa nayo!"

Nyundo ikabaki hewani. "Nikae nayo wapi?"

"Hapa."

"Sema mbele ya baba. Na Najma?"

"Nitampangia."

"Wapi?"

Twalib akamtazama baba yake mkubwa. Mzee alikuwa akitazama ufa ukutani, na hakuwa na desturi nyingine ya kumpa.

"Mbagala," akasema Twalib.

Mwamvita akashusha nyundo, akamrudishia mwenyewe.  Alijua kabisa kwamba kama Twalib angenyamaza, angeendelea kupiga mpaka paa liwashukie wote, yeye akiwemo, na katika kulijua hilo hakuona haya hata chembe. Alikuwa na hasira bado. Alikuwa na furaha pia, na haikumpunguzia hasira.

Akazoa vipande vya plasta, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji, akaikausha meza kutoka ndani mpaka dirishani. Watu wanne walikuwa wamesimama jikoni kwake, na Zubeda alikuwa amekiegemeza tena kiwiko chake mezani. Akafungua mfuko wa unga.

"Wifi," akamwambia Zubeda, "ondoa kiwiko mezani kwangu. Nataka kukanda."