Mwalimu wa Brightness

Kila asubuhi, kabla ya kufungua saluni yake pale Kilosa mjini, Brightness alipita kwa mzee Damiano kufanya mazoezi ya gitaa. Zamani mzee huyo alipiga solo kwenye bendi ya dansi huko Rudewa, enzi za mkonge. Siku hizi watu walimjua kwa gongo. Pombe alishaacha, lakini jina la mlevi lilikuwa limemganda.

Alimfundisha zilipendwa, wimbo mmoja mmoja. Vidole vya Brightness vilichubuka, vikapona, vikawa vigumu. Akikosea, mzee hakufoka. Alimshika kidole tu, akakisogeza kwenye uzi unaotakiwa.

Brightness alipoalikwa kupiga kwenye harusi ya binamu yake huko Mikumi, alimwambia mzee, "Babu, uje unisikie." Alisema kwa heshima tu. Hakudhani angekuja.

Siku ya harusi alipiga vizuri mpaka wazee wakainuka kucheza. Wimbo ulipoisha, MC akamsogezea kipaza sauti.

"Dada, hizi zilipendwa nani kakufundisha?"

Brightness akatazama meza ya mbele. Walikuwepo wakwe, mchungaji na shangazi zake. Akamfikiria Damiano, akaona jinsi watakavyocheka.

"Nimejifunza mwenyewe," akasema. "Kwenye simu."

Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo alipomwona Damiano, amesimama karibu na mlango, kavaa koti lililopigwa pasi. Naye alikuwa anapiga makofi.

Brightness alimtafuta baadaye, asimpate. Sahani ya pilau aliyopewa aliirudisha bila kuigusa.

Kesho yake alikwenda kwa mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Babu, jana nilisema uongo. Niliona aibu kukutaja."

Damiano alikuwa anakaza nyuzi. Hakuinua macho.

"Ningekuwa wewe, hata mimi nisingejitaja," akasema.

Brightness alitamani angetukanwa. Alikaa kwenye kigoda akalia, uso kaufunika kwa khanga. Mzee akamwacha alie, kisha akamwekea gitaa mapajani.

"Ubeti wa pili uliharakisha. Hebu tuusikie."

Alijaribu, vidole vikagoma. Mzee akasema basi, kesho.

Wiki hiyo mteja mmoja aliyekuwa anasukwa, Agness, alimsifia. "Nimeona video ya harusi. Kumbe mtu anaweza kujifundisha vile?"

"Sikujifundisha," Brightness akajibu. "Kanifundisha mzee Damiano."

"Damiano yupi? Yule mlevi?" Agness akaangua kicheko.

"Huyo huyo. Ila siku hizi hanywi."

Akaendelea kusuka. Alidhani akishalitamka lile jina kifua kitapoa. Hakikupoa. Harusini walimsikia watu wengi, na hapa kamsikia Agness peke yake.