Rufaa ya Karani wa Tope

Asubuhi ya kusomewa rufaa, karani alikuwa ameshafua shuka ambazo hazikuwa chafu, kafagia ua mara mbili, na sasa anafungua na kufunga mkoba wake bila sababu.

"Hebu kaa, binti yangu," mama yake alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Siwezi, mama."

Baada ya mafuriko, shemeji yake, mume wa dada yake, alipewa na serikali kazi ya kuzoa tope mjini, kwa malipo ya kila lori lililojaa. Akamweka karani kwenye lango la dampo, juu ya jukwaa la mbao, ahesabu malori na kuyaandikia stakabadhi. Wiki ya pili shemeji akampandia jukwaani, meno yote nje.

"Shemeji, usibane hivyo. Andika yote yamejaa."

Akaandika. Hata lori lililopita tupu, likirukaruka kwenye mashimo kama debe, aliliandika limejaa. Mahakama ikawatia hatiani wote wawili kwa kuilaghai serikali. Wakakata rufaa, yeye akiwa nje kwa dhamana, shemeji akiwa gerezani.

Wakili wa karani alishikilia jambo moja tu: hakuna mtaalamu wa mwandiko aliyethibitisha kwamba saini za kwenye stakabadhi zile ni zake.

"Lakini ni zangu," karani alimnong'oneza.

"Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka. Wewe tulia."

Kutulia! Jaji alisoma kurasa na kurasa kwa sauti ya usingizi, na karani hakujua kwamba kiatu chake kilikuwa kinagonga sakafu mpaka askari alipomtazama. Rufaa ya shemeji ilitupwa. Ya karani ilikubaliwa: saini hazikuthibitishwa.

"Mama, uko huru," askari alimwambia karani. "Toka basi."

Kwenye ngazi za nje alimkuta dada yake na mfuko mkubwa wa nguo za mumewe.

"Hongera," dada alisema, uso mkavu.

"Dada, niliandika mimi. Yote."

"Najua. Sasa unaniambia ili iweje, nikufunge mimi? Gereza halipokei wageni baada ya saa nane."

Karani akanyoosha mkono kuupokea mfuko. Dada akauvuta kwake. Walipofika barabarani dada alichoka, akamwachia mpini mmoja. Mfuko ukawa unawagonga magoti, na karani akazidi kukaza mwendo.

"Polepole," dada alisema. "Hatukimbizwi na mtu."