Mokami wa Kwenye Wimbo

Jumatatu asubuhi nilisimama mlangoni kwa Scholastica, katibu wa kamati, kusoma ratiba ya Tamasha la Ngoma na Historia. Jumamosi watakuja wachezaji wa Ikoma kutoka Serengeti, kutakuwa na picha za Tarime ya zamani, na wazee watasimulia koo zilivyohamia huku. Yote hayo kwenye jukwaa nitakalojenga mimi, Ezra, fundi wa kuchomelea wa Nkende. Halafu nikaona mstari wa saa nane: "Wangwe na litungu lake. Wimbo mpya: Mokami."

Mokami ni mke wangu.

Najua, akina Mokami ni wengi huku kwetu. Ukiliita jina hilo sokoni watageuka kumi. Lakini Wangwe ni kaka wa wifi wa Mokami wangu, mtu mwembamba mwenye meno mazuri, na jana yake nilimkuta jikoni kwangu akinong'ona na mke wangu. Nilipoingia wakanyamaza. Mokami akaniuliza haraka haraka kama nataka chai. Mtu akikuuliza habari za chai namna ile, ujue kuna jambo. Wivu ulinishika palepale, na sioni sababu ya kuuita jina jingine.

Jumanne nikaenda mazoezini, nikajibanza nyuma ya mabomba yangu ya jukwaa. Wangwe alikaa kwenye kigoda, akapiga nyuzi za litungu, akaimba kwa Kikurya macho kafumba. Mokami, uliondoka Nkende ukilia. Mokami, kwangu umenenepa. Kila asubuhi nakuita kwa jina nawe unakuja. Watu wakacheka kwa raha. Halafu akaimba: Mokami, mwenye alama ya moto kwenye paja la kushoto.

Mke wangu aliungua na uji utotoni. Paja la kushoto. Kovu lile nilidhani tunalijua yeye, mama yake na mimi.

Sikusubiri ubeti wa mwisho. Nilimfuata Scholastica.

"Chagua," nikamwambia. "Wimbo huo au jukwaa langu."

Hakuinua hata macho. "Umeusikia wote?"

"Nimesikia wa kunitosha."

"Basi ondoa vyuma vyako, mura. Vedasto yupo."

Vedasto ni fundi mwenzangu, karakana yake inatazamana na yangu. Anachomelea mageti yanayopinda kabla hayajafungwa. Nilipakia mabomba yangu kwenye mkokoteni huku yeye akishusha ya kwake, anapiga mluzi.

Siku tatu sikuongea na Mokami. Nilikula nikitazama ukuta. Ijumaa alasiri akachoka.

"Ezra, una nini?"

"Muulize Wangwe. Anajua mpaka mapaja yako."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kilipoisha, uso wake haukuwa na furaha hata kidogo.

"Yule mtamba mwekundu uliyemtoa kwenye mahari yangu, unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

"Nani alimpiga chapa?"

"Mimi. Herufi E, kwa chuma changu." Masikio yakaanza kupata moto. "Paja la kushoto."

"Kaka yangu Nyangwine aliwatumia ng'ombe walewale kumwoa dada yake Wangwe. Mtamba akaenda kwao. Kwetu ng'ombe wa mahari huitwa jina la binti aliyemleta, naye akahama nalo. Miaka tisa wanakunywa maziwa ya Mokami. Wewe hukuwahi hata kuuliza aliishia wapi."

"Na jikoni mlinong'ona nini?" Wivu wangu ulikuwa bado unatapatapa.

"Alitaka jina la baba yako na la babu yako. Ubeti wa mwisho ulikuwa wako. Anamsifu mchoma chuma wa Nkende aliyemlea ng'ombe yule, anakutaja wewe na ukoo wako mbele ya watu wote. Tulitaka tukushtukize."

Tangu nikiwa mdogo nimewasikia wapiga litungu wakitaja baba za watu wengine, na kila mara nimetega sikio kama siku hiyo watafika kwetu. Hawajawahi kufika. Nikachukua simu.

"Shemeji," Wangwe alisema kwa adabu, "katibu aliniambia hutaki wimbo wangu. Siwezi kumsifu mtu kwa nguvu. Ubeti ule nimempa fundi wa jukwaa. Vedasto amenipa majina ya ukoo wake mpaka babu wa babu."

"Rudisha jina langu."

"Ameshawaalika ndugu zake, shemeji. Wanatoka Sirari basi zima."

Nikakata simu. Ng'ambo ya barabara Vedasto alikuwa anapiga mluzi, na sasa niliutambua wimbo wenyewe. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia Wangwe.

Mokami alikuwa anapiga pasi gauni lake la tamasha.

"Kesho utakuja?" akauliza.

"Nije kusikia nini? Vedasto akisifiwa kwa ng'ombe wangu?"

"Basi baki," akasema, akaligeuza gauni upande wa pili. "Mimi naenda. Jina langu bado limo."